Mwaka Niliomsomea Estina

Mwezi uliopita nilikaa kwenye ukumbi mmoja pale Vwawa, juu ya kiti cha plastiki kilichovalishwa kitambaa cheupe kama bibi harusi, nikiwasikiliza watu wasiosoma wakikisifu kitabu. Mstari wa mbele walikaa wakubwa. Mgeni rasmi alikiinua kitabu, akakipindua nyuma na mbele, akasema mwandishi amefanya kazi kubwa kwa sababu kurasa si chache, na kwamba kijana akizisoma zote hizo hatabaki na muda wa kufanya maovu. Watu wakapiga makofi. Mshereheshaji, kijana mwenye suti inayong'aa kuliko maneno yake, alilikosea jina la kitabu mara mbili, na mara ya tatu akaamua kukiita "kitabu chetu" ili yaishe. Kilikuwa kinazinduliwa upya kwa jalada jipya, miaka ishirini na kitu baada ya kutoka mara ya kwanza. Kisha mwandishi mwenyewe, Estina Nambela, mama mzima sasa, miwani na kilemba cha kitenge, akachukua kipaza sauti, akanitafuta kwa macho. "Mwalimu Nzunda, naomba usimame." Nikasimama. "Huyu ndiye alinisomea mswada huu, sura kwa sura, mwaka mzima. Bila kalamu yake kisingefika popote." Makofi tena. Nikainamisha kichwa kama wanavyofanya watu wanyenyekevu. Katika ukumbi ule wote, ni mimi na yeye tu tuliojua kwamba kitabu kile ni kibaya, na nilidhani ni mimi peke yangu ninayejua kilivyofikia kuwa kibaya.

Mwaka anaousema Estina nilikuwa na miaka ishirini na minane, nafundisha Kiswahili sekondari, Vwawa ikiwa bado makao ya wilaya ya Mbozi tu. Nilikuwa nimeandika riwaya ya vijana. Iliitwa *Mwenge wa Kijana Mwadilifu*, na nawaomba msicheke, kwa sababu mimi wakati ule sikucheka hata kidogo. Nilikuwa na hakika kwamba kuanzia Mlowo hadi mpakani hakuna mtu mwingine anayejua riwaya ni nini. Kitu kimoja tu nilikikosa: mtu wa kunisomea, nami nimsomee wake, tuambizane ukweli kabla mchapishaji hajatuambia. Nilikuwa nimesikia kwamba waandishi wa kweli hufanya hivyo. Nikaanza kumtafuta mtu huyo kama wengine wanavyotafuta mchumba, kwa haya na kwa majivuno.

Nilianzia kwenye chama cha waandishi. Ndiyo, tulikuwa nacho. Kilikutana Jumapili baada ya ibada, kwenye chumba cha nyuma ambako kanisa lilihifadhi ngoma na majoho ya kwaya, na harufu ya mle ndani ilikuwa ya nondo na jasho la Pasaka iliyopita. Wanachama saba. Mwenyekiti alikuwa bwana shamba mstaafu aliyetunga mashairi kuhusu wadudu wa kahawa, ubeti kwa ubeti, mdudu kwa mdudu, na kila mdudu mwishoni alishindwa kwa kupuliziwa dawa. Utaratibu ulikuwa huu: mmoja anasoma, wengine wanatikisa vichwa, halafu mwenyekiti anasema, "Hongera sana, endelea hivyo hivyo," halafu tunakunywa chai. Chai, katika nchi ya kahawa. Siku niliposoma mimi, nilisoma sura nzima ambamo shujaa wangu Baraka anawahutubia wenzake juu ya utoro. Nilipomaliza, mama mmoja aliyekuwa akifuma kitambaa muda wote alisema, "Imenigusa." Nikamuuliza ni wapi hasa. Akaitazama sindano yake, akanitazama mimi, akasema, "Kote." Sikurudi tena. Nilitembea hadi nyumbani nikiwadharau mmoja mmoja kwa majina, na ile raha ya kudharau ilinitosha kwa chakula cha jioni.

Baadaye nikampa mswada mwenzangu wa ofisini, Mwalimu Simkoko wa Jiografia, mtu aliyesoma magazeti mpaka matangazo ya minada. Akakaa nao muhula mzima. Aliponirudishia, ukurasa wa kwanza ulikuwa na duara la kikombe cha chai, na ukurasa wa pili ulikuwa na mkato mmoja ulioongezwa kwa kalamu ya bluu. Mmoja. Kurasa zilizobaki zilikuwa safi kama zilivyotoka kwangu. "Ni nzuri," alisema. "Lakini hiyo Mbeya uliyoitaja, umeiweka kaskazini ya Chunya." Hiyo ndiyo tahakiki niliyoipata kwa wasomi wa Mbozi. Nikaona kwamba nimezaliwa mahali pabaya, nikaamua kuupeleka mswada ukapigwe chapa niutume Dar es Salaam bila kusomwa na mtu yeyote, kwa kuwa hakuna anayestahili. Na kwa vile sikutaka watu wa Vwawa wachungulie kazi yangu, niliupeleka Tunduma, mpakani na Zambia, ambako hakuna anayekujali usipokuwa na kitu cha kuvusha.

Steshenari yenyewe ilikuwa chumba kilichokatwa kwa mbao za plaiwudi kutoka kwenye duka la magodoro. Kompyuta moja, printa moja, mashine ya fotokopi iliyofunikwa kanga ili isile vumbi, na benchi la wateja. Wateja karibu wote walikuwa vijana wa mawakala wa forodha, wenye fomu mkononi na haraka mdomoni, na nyuma ya plaiwudi uliwasikia wanunuzi wa magodoro kutoka ng'ambo wakibishana kwa Kibemba na kuapa kwa Kiingereza. Aliyekaa kwenye kompyuta alikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, mwembamba, amefunga kichwa kwa kitambaa, anachapa bila kutazama vidole. Alinisalimu, "Shikamoo Mwalimu," kabla sijasema kazi yangu. Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Chaki, kwenye mfuko." Nikamwachia mswada, nikamwagiza asibadilishe hata nukta.

Jumamosi iliyofuata nilikuta ameshapiga kurasa sitini. Hakuwa amebadilisha nukta. Ila aliponipa karatasi, alizishikilia kidogo upande wake, kama mtu asiyetaka kuziachia.

"Mwalimu, naweza kuuliza?"

"Uliza."

"Huyu Baraka, mpaka hapa nilipofika amehutubia mara kumi na moja. Hajanywa hata maji. Anakula saa ngapi?"

Vijana wawili wa forodha kwenye benchi wakacheka. Nilimjibu kwamba hiyo ni fasihi, siyo hoteli. Akasema, "Sawa, nilikuwa nauliza tu," akageukia fomu ya mtu mwingine. Nilitoka nimekasirika. Nikavuka barabara kati ya malori, nikaenda kusimama mbele ya mama aliyeuza chikanda, ile mikate ya mizizi ya porini na karanga wanayoipenda watu wa upande wa pili, nikala vipande viwili nikiwa wima, na nilipokuwa nikitafuna ndipo nikatambua kwamba hatimaye mtu ameusoma mswada wangu. Nikarudi. Nikamuuliza kama na yeye anaandika. Akafungua droo ya chini, akatoa madaftari makubwa matatu, yale ya kaunta buku, yamejaa mwandiko mdogo mpaka pembezoni.

Tukapatana palepale. Kila Jumamosi ningekuja na sura yangu moja, yeye angenipa yake moja, ameipiga chapa kutoka madaftarini, kila mtu aondoke na ya mwenzake na kuirudisha wiki inayofuata ikiwa na maoni. Bila kuoneana haya. Hayo maneno ya mwisho yalikuwa yake. Mimi niliyakubali kwa roho ya ukarimu, kama profesa anayekubali kumsomea mtoto insha. Watu wa pale walisema mengine kuhusu mwalimu wa Vwawa anayemfuata binti wa steshenari kila wiki. Wangejua tulichokuwa tukikizungumza wangelala.

Tulikutana hivyo miezi kumi. Saa saba mchana alifunga mlango nusu, akaleta chakula kutoka kwa shangazi yake: wali wa Kamsamba unaonukia chumba kizima, na maharage, au samaki wadogo wa Rukwa waliokaushwa wakachemshwa na nyanya, na tulikula juu ya meza ya fotokopi tukiwa tumetandika gazeti. Kalamu yangu ilikuwa nyekundu, ile niliyosahihishia madaftari. Niliandika kwenye karatasi zake mambo kama "Sarufi!" na "Lugha ya mtaani" na "Funzo liko wapi?" Yeye aliandika kwa penseli, kwa herufi ndogo, mara nyingi swali. "Baraka ana miaka mingapi hapa? Anaongea kama mzee wa kanisa." "Mama yake alifiwa ukurasa uliopita, mbona leo anacheka?" Mahali pamoja, pembeni ya hotuba ninayoipenda kuliko zote, aliandika neno moja: "Nimesinzia." Nilimuuliza kwa sauti ya kiofisi anamaanisha nini. Akasema, "Namaanisha nimesinzia, Mwalimu. Nilikuwa nimekaa hapo ulipokaa wewe. Nimeamka shingo inaniuma." Nikamwambia kwamba labda amechoka na kazi. Nikamwambia pia, na hili nimelibeba muda mrefu, kwamba kazi yake ni kupiga chapa, kwa hiyo asiwe mwepesi kufundisha uandishi. Alichukua mfupa wa samaki kutoka kwenye wali, akauweka ukingoni mwa sahani, akaendelea kula. Wiki iliyofuata maoni yake yalikuwa yaleyale, penseli ileile. Sikufuata hata moja.

Kisha ikaja sura ya nane ya riwaya yake. Niwaeleze, kwa sababu hamtaikuta kwenye kitabu. Msichana wake anaitwa Matrida, ana miaka kumi na minne, anajua Kibemba kwa kuwa amekulia mpakani. Mama yake, ambaye hajui ila Kinamwanga na Kiswahili, amesikia kwamba baba anaishi Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na mwanamke aliyetoka Ndola. Mama anamchukua Matrida akawe mkalimani wa ugomvi. Wanafika, mwanamke anatoka mlangoni, na mama anaanza: "Mwambie miguu yake kama michi ya kutwangia." Matrida anamgeukia yule mwanamke, anasema kwa adabu kwa Kibemba kwamba mama anauliza hali ya nyumbani. Mwanamke anajibu kwamba amwambie huyo kizee arudi kwao akachunge mbuzi. Matrida anamwambia mama, "Anasema karibu, ana samaki jikoni." Inaendelea hivyo kurasa kumi na mbili. Kila tusi linaingia kwa mtoto na kutoka likiwa salamu, mama anaanza kuona aibu kwa ukali wake, yule mwingine naye anaona aibu, mwisho wameketi kwenye mkeka mmoja wanamega ugali, kila mmoja akishangaa jinsi mwenzake alivyo muungwana. Baba anaporudi anawakuta hivyo. Anasimama mlangoni, anawatazama, halafu anaenda kula hotelini.

Niliisoma ofisini saa ya mapumziko. Nilicheka mpaka Simkoko akaweka gazeti chini. "Kuna nini?" Nikasema hakuna kitu, ni mwanafunzi mmoja ameandika upuuzi. Kisha kengele ikalia, nikabaki peke yangu na zile karatasi, na kicheko kikaisha, na badala yake kikaja kitu ambacho leo naweza kukitaja kwa jina lake bila kupepesa: wivu. Mimi niliyesoma chuo nilikuwa na Baraka anayehutubia. Binti aliyeacha shule kidato cha pili, anayechapa fomu za malori, alikuwa na wanawake wawili hai juu ya mkeka, nikisikia mpaka wanavyotafuna. Nilikaa na sura ile wiki mbili. Ya kwanza nilisingizia homa. Ya pili nikaandika chini ya ukurasa wa mwisho, kwa wino mwekundu, mwandiko mzuri: *Sura hii iondolewe yote. Mtoto anawadanganya wakubwa na haadhibiwi. Vijana watajifunza nini?* Na ubaya wenyewe ni kwamba nilipokuwa naandika nilianza kuyaamini. Hoja ilikuwa na heshima. Ningeweza kuisimamia mbele ya askofu.

Jumamosi ile mvua ilikuwa inapiga bati hata tukalazimika kupaza sauti. Estina aliyasoma maneno yangu mara mbili, nikimwona kidole kinapita juu ya kila neno.

"Yote?"

"Yote. Unajenga nyumba nzuri halafu unaweka mlango wa wizi."

"Lakini Mwalimu, ulicheka?"

"Sikucheka."

Alinitazama. Sikupenda namna alivyonitazama, kwa sababu hapakuwa na hasira ndani yake, palikuwa na kitu kama mtu anayepima urefu wa kitambaa. Nyuma ya plaiwudi mwanamume mmoja alikuwa akisema godoro analotaka ni gumu, gumu kabisa, mke wake ana mgongo. Kisha Estina akasema, "Sawa. Naitoa." Hivyo tu. Akazitenga zile karatasi kumi na mbili, akazisawazisha kwa kuzigonga mezani, akazitia kwenye droo. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano ya mchana mzima, na aliponitii hivyo nilimdharau. Nilijiambia, mwandishi wa kweli angepigania. Tangu hapo nilikata bila woga. Nikaondoa utani wa shangazi, nikaondoa wimbo wa wapakia mizigo, nikamfanya Matrida atubu mara tatu. Mwishoni mwa kitabu nilimshauri amweke mwalimu wa kuwaasa vijana. Akamweka. Alihutubia kurasa nne, na sidhani kama alikunywa maji.

Mwisho wa mwaka tulituma bahasha zetu siku moja, kwa mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam ambaye miswada iliyompendeza aliipeleka kwa wale wanaopitisha vitabu vya shule. Yangu ilirudi baada ya miezi mitano na barua ya sentensi moja, na hata hiyo sentensi ilikosewa. Yake ilikubaliwa. Ilipotoka, iliwekwa kwenye orodha ya vitabu vya ziada vya sekondari, na mimi, mwalimu wa Kiswahili, nikaletewa maboksi mawili nikifundishe. Nimekifundisha miaka yote hii. Nimesimama mbele ya madarasa ya watoto hamsini hamsini, nikaona macho yakizimika ukurasa wa tano, kidato baada ya kidato, nikaandika ubaoni "Dhamira Kuu" na "Mafunzo" na kupiga mstari chini. Mara nyingine mtoto mmoja, yule asiyejua kunyamaza, huuliza, "Mwalimu, kwani huyu Matrida hajawahi kucheka?" Nami humjibu kwamba swali hilo halitatoka kwenye mtihani. Shule hubadilika, maafisa hubadilika, kitabu kinabaki, kimenyooka na kimekufa, na ukurasa wa shukrani una jina langu. Mimi na Estina hatukukutana tena baada ya bahasha zile. Aliolewa, akahamia Mlowo, akafungua duka lake. Nilisikia habari zake kama unavyosikia habari za mtu uliyemfanyia jambo, yaani nilisikia zote.

Kwa hiyo baada ya hotuba za ukumbini, tulipopelekwa chumba cha nyuma kula, nilikuwa nimeshaamua. Wakubwa walipewa meza yao na mapaja yao ya kuku. Estina alikuja na sahani yake akaketi mbele yangu, kwenye kona, karibu na makreti ya soda. Tuliulizana watoto. Kisha nikasema, kwa sauti ya chini, maneno niliyoyafanyia mazoezi njia nzima kutoka nyumbani.

"Estina, ile sura ya mkalimani. Nilicheka. Nilicheka mpaka watu wakaniuliza."

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Sura zote ulinirudishia baada ya wiki. Ile ulikaa nayo wiki mbili, ukaja na homa ambayo haikukukondesha." Akachana nyama kwa vidole. "Mwalimu, hiyo ndiyo inakusumbua miaka yote hii?"

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia kwamba nilimharibia kitabu kwa wivu, na kwamba kila nikikifundisha naona nilichokiua. Nilitegemea machozi, au tusi, au msamaha, na kusema kweli nilikuwa nimejiandalia sura ya kila moja. Estina akafuta mikono kwenye karatasi.

"Hukuharibu kitu. Nisikilize, maana naona umejibebesha. Mimi nilikuwa nataka kitabu kiingie shule. Nilikuwa na madaftari matatu na simjui hata mtu mmoja kwa wale wanaopitisha. Sijui wanapenda nini, wanaogopa nini. Halafu ukaja wewe na Baraka wako. Nikapiga chapa kurasa kumi, nikasema moyoni, ehe, huyu ndiye. Huyu anafikiri kama wao."

Mezani kwa wakubwa mtu alikuwa anaomba pilipili.

"Kwa hiyo ulichokikata, nilijua wangekikata. Ulichokiacha, walikiacha. Hukukosea hata mara moja, Mwalimu. Hata yule mwalimu wa kuhutubia mwishoni, waliniandikia barua kumsifu." Alisema hivyo bila sumu, kama mtu anavyosifia mzani mzuri. "Ndiyo maana nimekusimamisha leo. Sikuwa natania."

Nikamuuliza kuhusu ile nyingine, yenye mkeka na matusi. Akasema ipo. Alikuwa amewapa wasichana wa Tunduma madaftari yale mwaka uleule, wakanakili kwa mkono, wakapeana, baadaye wakatoa fotokopi za fotokopi. Kuna mtu Nakonde ameigeuza Kibemba. Kwenye sura ya nane kila anayenakili huongeza matusi yake, na kwa hesabu ya wasichana sura hiyo sasa ina kurasa zaidi ya thelathini. "Wanakuja dukani mpaka leo, wanawake wazima na watoto wao, wananiambia matusi mapya," alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile alicheka, yule binti wa steshenari akatokea usoni kwa mama yule.

"Na mimi?" nilimuuliza. Sauti yangu haikunipendeza. "Kama ulikuwa unanitumia tu, kwa nini ulihangaika na Baraka? Kila wiki, penseli ile?"

"Tulipatana sura kwa sura, bila kuoneana haya. Mimi nilifanya." Akasogeza sahani pembeni. "Na mwanzoni nilidhani utasikia. Ile hotuba ya utoro, kulikuwa na mtoto mmoja nyuma ya mstari, umemtaja mara moja tu, amevaa viatu vya dada yake. Nikasema, akimfuata huyu mtoto atafika. Nikakuandikia. Hukuona." Akainua mabega. "Mwezi wa nne nikaacha kungoja."

Sikumkumbuka mtoto huyo. Usiku ule niliutoa mswada chini ya kabati nikamtafuta, nikamkuta, mstari mmoja, viatu vyekundu, na pembeni penseli imefifia: "Huyu nani? Mfuate."

Kabla hatujaagana Estina alifungua mkoba, akanipa bahasha nene. Alikuwa ameandika riwaya nyingine ya vijana. Kuna binti mmoja wa Mlowo, alisema, anamsomea vizuri sana, anacheka panapochekesha na kulia panapoliza. Lakini msomaji wa aina ya pili hana. Ningeweza? Nikakubali kabla hajamaliza swali. Nikasema moyoni kwamba sasa nitakuwa msomaji wa kweli, kwamba umri umenifundisha, na mambo mengine ambayo mtu hujiambia akiwa na bahasha mkononi.

Nilisoma kwa siku tatu. Ni nzuri. Ni nzuri kuliko ya kwanza, ile hai. Ukurasa wa tisa kuna msichana anapiga pasi sare ya dada yake aliyefariki, na anapoifikia kola anaiuliza kama ina joto. Niliandika pembeni, "Hapa nimenyamaza." Mahali pengine niliandika, "Hapa nimecheka, na sifichi." Nilimaliza kurasa arobaini za mwanzo bila kukata neno, nikazipeleka Mlowo kwa dereva ninayemfahamu, nikakaa nikingoja simu kama kijana aliyepeleka barua ya posa.

Simu ilikuja kesho yake mchana. "Shikamoo Mwalimu. Unaumwa?"

"Marahaba. Siumwi. Kwa nini?"

"Kurasa arobaini hujakata kitu."

"Hakuna cha kukata, Estina. Nimeipenda."

Nilisikia dukani kwake mtu akiuliza bei ya sabuni, naye akamjibu, kisha akarudi kwangu, akaongea kwa upole, kama unavyoongea na mtu mzima aliyevaa shati nje ndani. "Mwalimu, nashukuru. Lakini wa kuipenda ninaye. Hiyo inaenda kulekule, kwa walewale. Hebu isome kama ulivyokuwa unasoma."

Karatasi zilirudi jioni kwa dereva yuleyule. Nilikaa mezani, nikazipanga, nikachukua kalamu. Sikuhitaji kutafuta. Nilifungua ukurasa wa tisa, nikaipigia mstari ile sentensi ya kola, yote, mwanzo hadi mwisho, na pembeni nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: *Iondolewe. Nguo haiulizwi.*